Kwa Nini Niliitetea Injini ya Wafula

Shukrani zote ni za Mola aliyenijalia kuiweka spana chini nikiwa na macho yangu na vidole vyangu vyote, jambo ambalo mtu wa boila hapaswi kulihesabu kuwa dogo. Nyinyi vijana niliowaachia boila la kiwanda cha sabuni mlinitaka niandike habari za kazi yangu, tangu reli mpaka kwenu. Nimekubali. Vyeo na mishahara nitavipita. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara haikuwahi kunifanya niwasahau jamaa zangu.

Nimesikia pia kwamba mwaulizana juu ya ule mkutano wa wapenda reli. Mwajua kwamba niliitwa kuitetea injini yangu, ile kubwa niliyoisifu maisha yangu yote, nami nikasimama mbele ya watu nikaitetea ile ndogo ya marehemu Wafula, na kubwa ikaenda kukatwa chuma chakavu. Mmoja wenu amesema Babu kichwa kimemchoka. Huenda. Lakini sababu si hiyo, na siwezi kuieleza ila nianzie mbali.

Kabla ya reli nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha Kurani, hapa hapa Mji wa Kale. Maalim wetu alikuwa mtu mpole, asiyependa fimbo, ila alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote. Tukibishana juu ya mas'ala, hakuna aliyeruhusiwa kumjibu mwenzake mpaka kwanza aiseme hoja ya mwenzake, aiseme vizuri, hata mwenyewe akiri na kusema, "Umefikisha." Asipokiri, hujibu, wakaa na jawabu lako mdomoni kama kaa la moto. Alisema mtu anayejibu asichokielewa anapiga kivuli ukutani, na ukuta ndio unaomuumiza mkono. Nilidhani hayo ni ya chuoni tu. Sikujua kwamba nitayapeleka kwenye injini.

Siku yangu ya kwanza kwenye banda la injini sikupewa spana wala koleo. Nilikabidhiwa kwa Fundi Pritam, Kalasinga mzee aliyefunga ndevu zake kwa wavu ili zisishike moto, naye akanionyesha mlango wa chumba cha moto cha injini iliyokuwa imepoa tangu jana yake. Kupoa ni neno tu. Nilipoingia, matofali yalikuwa bado yana joto la tanuri la mkate. Akanipa taa na nyundo ndogo, akaniambia nigonge misumari mirefu inayoshikanisha kuta mbili za chumba kile, mmoja mmoja, na nisiseme neno.

Nikagonga. Yeye alikaa nje juu ya debe, amefumba macho. Nilikuwa nikimsikia akisema, "Mzima. Mzima. Mzima." Kisha nikagonga mmoja, akanyamaza. "Huo tena." Nikagonga. "Umekufa. Tia chaki." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Nilikaa mle ndani nikisoma kila sura niliyoihifadhi, maana giza la chumba cha moto lamkumbusha mtu kaburi, na jasho likinitoka mpaka viatuni. Ilinichukua muda mrefu kuusikia msumari uliokufa. Mzima unalia kama kikombe cha kaure. Uliokufa unatoa sauti ya mtu aliyejibu salamu bila kukuangalia. Fundi Pritam alinifundisha hivyo bila hotuba. Nanyi nimewafundisha hivyo hivyo, na najua mlinung'unika.

Kutoka banda nikapandishwa kuwa fayamani, yaani mtu wa moto, kwenye injini tuliyoiita Jitu. Wengi wenu hamkuiona ikitembea. Ilikuwa ndefu kupita nyumba kadhaa za mtaa wetu zikiunganishwa, boila lake limening'inia katikati, na magurudumu yake ni makundi mawili, moja mbele na moja nyuma, kila kundi na tangi juu yake. Kwenye kona ilijikunja. Kila moja katika aina ile ilipewa jina la mlima, na ilistahili, maana kazi yake ilikuwa kupanda. Tulichoma mafuta mazito, si makaa. Fayamani hakuonekana kwa misuli bali kwa moshi. Moshi mweusi, unamwaga mafuta ya serikali. Moshi mweupe, moto wako unakaribia kukukimbia. Ukungu wa kijivu mwepesi, umepatia. Kila baada ya muda tulirusha sepetu la mchanga ndani ya moto, ukavutwa kupitia mabomba ukayasugua masizi, na bomba la moshi likatoa wingu jeusi la kutisha. Akina mama wa Changamwe waliokuwa wameanika nguo walikuwa na maneno yao juu yetu, ambayo sitayaandika.

Asubuhi moja ya Ramadhani tulitoka kisiwani na mzigo mrefu kutoka Kilindini, tukavuka Makupa, tukapita Changamwe, tukaanza mlima wa kuelekea Mazeras. Nilikuwa nimefunga. Mbele ya ule moto, saumu ni ibada unayoihisi. Ghafla moto ukakohoa, ukakohoa tena, ukazimika. Mafuta yalikuwa yameingia maji.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana boila lenu la sabuni nalo lachoma mafuta. Moto ukizimika, anayeua ni haraka. Matofali yalikuwa bado mekundu. Ukifungua mafuta juu ya matofali mekundu kabla ya kuutoa mvuke wa mafuta uliobaki ndani, yote yatashika kwa mpigo mmoja na moto utakufuata mlangoni. Dereva wangu alikuwa mtu wa hasira, treni imesimama mlimani, naye akipiga kelele, "Washa! Washa, wewe, unangoja adhana?" Nikafunga mafuta. Nikafungua milango ya hewa. Nikangoja mpaka harufu ikatoka yote. Kisha nikaanza kuyatoa maji chini ya tangi, polepole, na dereva akinihesabia madhambi yangu yote.

Tatizo ni kwamba mafuta mazito hayawaki mpaka yapulizwe na mvuke yawe ukungu. Hakuna moto bila mvuke, na hakuna mvuke bila moto. Kwa muda nilioutumia kuyatoa maji, nguvu ya boila ilishuka mpaka haikuweza kupuliza kitu. Injini ile kubwa, yenye jina la mlima, ilikuwa imelala njiani kama gunia, na haikuwa na namna ya kuamka ila iazimwe mvuke na jirani.

Jirani alikuja kutoka Changamwe. Ilikuwa injini fupi ya kupangia mabehewa, matangi yake yamekaa ubavuni kama vikapu vya punda. Juu yake alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake, Mbukusu wa Bungoma, naye alikuwa akitabasamu hata kabla hajasimama.

"Salamu alekum, watu wa Jitu," akasema. "Nimesikia kuna mtoto mkubwa amekataa kuamka."

Huyo ndiye Wafula. Akarusha mpira wake mrefu wa kupitishia mvuke, tukaufunga, mvuke wake ukaingia kwetu, nikawasha, na moto ukashika taratibu bila kishindo. Wafula akaukunja mpira wake, akanitazama.

"Lete shukrani basi."

"Shukrani ni za Mungu."

"Kweli kabisa," akasema, "lakini mpira ni wangu."

Tangu siku ile akaiita injini yake Yaya, kwa kuwa, alisema, ndiyo inayowaamsha wakubwa asubuhi na kuwavisha nguo. Na tangu siku ile tukabishana.

Baada ya muda, ubishi wetu ukapata pahala. Alasiri, baada ya swala, tukikutana kwenye baraza la mawe mbele ya nyumba ya shangazi yangu, penye muuza kahawa. Walikuja watu wa reli wa kila aina: madereva, mafundi, walinzi wa treni, na wengine ambao hawakuwahi kufanya kazi ya reli ila waliipenda injini kama wengine wanavyopenda mpira. Mwanzo ilikuwa vurugu. Kila mtu akipaza sauti, hakuna anayesikia, mwisho watu wakisusiana. Ndipo mimi nikawaletea sharti la maalim wangu. Hujibu mpaka uiseme hoja ya mwenzako na yeye aseme umefikisha. Nilitazamia Waislamu wenzangu ndio watakaolikubali, maana walilijua. Aliyelishika kwa mikono miwili alikuwa Wafula.

"Hii sheria ingefika kwetu Bungoma," akasema, "kesi za mashamba zingekwisha wiki moja, na mawakili wangelima."

Basi nitawapa mfano wa jioni moja, mjue mambo yalivyokuwa. Alikuwepo pia Charo, mlinzi wa treni wa zamani kutoka Mariakani, aliyetetea injini za kati, zile zilizobeba majina ya makabila.

"Haya, Ustadhi," Wafula aliniambia. Waliniita hivyo kwa sababu ya chuo. "Sema neno langu."

Nikasema: "Wafula asema Yaya ni bora kwa kuwa yaenda mbele na nyuma sawasawa, haihitaji kugeuzwa. Ni fupi, yaingia kila pembe ya bandari. Na hakuna mzigo uliopanda Nairobi ila kwanza Yaya iliupanga."

"Bado."

"Bado nini?"

"Hujataja mpira."

Charo akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Hataki kuutaja mpira huyu! Mpira unamkaba!"

"Na Jitu yaazima mvuke," nikasema, "kutoka kwa Yaya, ikiwa imepoa."

"Isipoazimwa?"

"Yalala."

"Sasa umefikisha. Pinga."

Nikapinga. Nikasema Jitu imeeneza uzito wake kwenye magurudumu mengi, hata reli nyepesi yaibeba. Kwamba boila lake halikubanwa na magurudumu, kwa hiyo chumba cha moto ni kipana na kirefu kwenda chini. Kwamba yapanda Mazeras na mzigo ambao Yaya kumi zisingeuweza. Wafula akasikiliza, kisha akaisema hoja yangu upya, vizuri kuliko mimi, nami sikuwa na budi kusema amefikisha.

"Lakini," akasema, "Jitu yabeba maji juu ya magurudumu ya kuvuta. Ikinywa maji, yapungua uzito. Ikipungua uzito, yateleza. Kwa hiyo, kadiri ipandavyo ndivyo idhoofikavyo. Hiyo ni injini au ni binadamu?"

"Na Yaya maji yake yako wapi? Si ubavuni, juu ya magurudumu yale yale?"

"Yaya haipandi popote, ndugu yangu. Yaya yajua mipaka yake."

"Nanyi wote," Charo akaingia, "mwavuta saruji na mahindi. Injini zangu zilivuta watu. Gunia la saruji lilishawahi kukuambia asante?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Wafula alikuwa mjanja. Akijua nina jawabu zito, hakusema umefikisha jioni nzima. "Bado," alisema. "Umeisema kama karani. Isemee kwa moyo." Nami nikirudi kuisifu Yaya upya, nikitafuta neno zuri zaidi, mpaka adhana ya magharibi ikaadhiniwa, nikaenda msikitini na jawabu langu mfukoni. Mke wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuniuliza kwa nini naisifu injini ya mtu mwingine usingizini.

Injini za mvuke zikaisha. Hatukuulizwa. Nikahamishiwa dizeli, nikafanya kazi yangu kwa uaminifu, lakini sina mengi ya kuwaandikia. Dizeli haina moshi wa kusoma wala msumari wa kugonga. Ikiharibika, huharibika kimya kimya ndani ya sanduku. Reli ilipotupunguza, nikapata kazi kwenye boila la sabuni, na huko ndiko tulikokutana. Nakiri nililifurahia lile boila kama mtu aliyekutana na jamaa wa mbali: si mzuri, lakini ana pua ya ukoo.

Baraza likaendelea, ila likipungua. Charo alitangulia, tukamzika kwao. Wengine wakafuata, au wakahamia kwa watoto wao, au magoti yakawakatalia vichochoro vya Mji wa Kale. Mke wangu akafariki. Mwisho tukabaki mimi na Wafula, aliyekuwa akija kwa miguu kutoka Tudor, kila alasiri isipokuwa Jumapili, siku ya kanisa na ya kulala. Watu wawili kwenye baraza refu. Muuza kahawa alizoea, akawa hatuulizi tunakunywa nini. Mungu alinipa subira, lakini nitasema kweli: siku ya Jumapili ilikuwa ndefu.

Kisha akaja Zuhura. Ni binti wa mtaani, afanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha vijana wapenda reli. Alitukuta tukibishana, akaketi bila kualikwa, na baadaye akawa aja na wenzake. Wanajua mengi ya injini za nchi nyingine, wana picha zake kwenye simu. Niliwapenda.

Siku moja akaja peke yake, hana raha.

"Babu, na wewe Mzee Wafula, kuna habari. Zile injini mbili zilizobaki kwenye njia ya pembeni, zilizoota majani."

"Jitu na Yaya," Wafula akasema. "Majirani mpaka mwisho."

"Mwenye uwanja ataka nafasi. Ametupa ruhusa kuokoa moja, tuitengeneze na kuiweka watu waione. Ya pili itakatwa. Wenzangu wamegawanyika. Tumeonelea tuwasikilize nyinyi wawili mbele ya kikundi, kisha tupige kura."

Wafula akanitazama, macho yakimng'aa kama ya kijana wa kofia kubwa. "Ustadhi, miaka yote hii ilikuwa mazoezi tu."

Siwezi kuwaeleza furaha tuliyokuwa nayo. Wazee wawili ambao hakuna aliyewahi kutaka uamuzi wao, na sasa chuma chenyewe kilingoja maneno yetu. Lakini Wafula alikuwa na kikohozi, na wanawe wakaja kumchukua, apumzike nyumbani Bungoma mpaka siku ya mkutano. Tukaendelea kwa simu. "Bado," alisema kwenye simu, akikohoa. "Hujaifikisha. Nikija nitaketi karibu nawe, uniseme vizuri."

Hakuja. Binti yake Nekesa alinipigia asubuhi, nikajua kwa namna alivyoanza kwa salamu ndefu. Nikasema tuliyofundishwa kusema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Goti langu halikuniruhusu safari ya Bungoma. Nilimwomba anizikie kwa niaba yangu.

"Baba mkubwa," akasema, "nataka kukuuliza jambo. Siku zake za mwisho alikuwa akizungumza habari za gari moshi. Tulidhani ni homa. Alikuwa akiisifu ile kubwa, ile yenye kujikunja. Aisifu, aisifu, kisha atuulize, 'Nimefikisha?' Tusijue la kumjibu. Tukampa maji. Basi anaanza tena. Kwani si yeye alikuwa wa ile ndogo?"

"Alikuwa wa ile ndogo," nikasema.

"Basi alikuwa akimwuliza nani?"

Nilimjibu, lakini jawabu hilo ni la Nekesa.

Zuhura alitaka kuahirisha mkutano. Nikamkataza, kwa kuwa mwenye uwanja hangengoja. Wakakutana kwenye ukumbi mmoja karibu na stesheni ya zamani, vijana wengi kuliko nilivyotazamia, na nikajua kutoka kwa minong'ono kwamba wengi walielekea Jitu. Ni kubwa, ina jina la mlima, yapendeza pichani. Walihitaji tu mzee awaambie waliyoyataka. Zuhura akanikaribisha kwa maneno mazuri, akamwombea Wafula, nami nikasimama.

Nikaanza kama nilivyoanza siku zote. Nikasema: Wafula asema.

Nikasema Wafula asema Yaya yaenda mbele na nyuma sawasawa. Nikasema yaingia kila pembe. Nikautaja mpira mwenyewe, nisisubiri kuulizwa. Nikawaeleza asubuhi ile ya mlimani, na namna mkubwa anavyoweza kulala kama gunia mpaka mdogo aje. Nikasema kwamba nchi nzima ilikula na kuvaa vilivyosukumwa na injini ambayo haikuwahi kufika Mazeras na ambayo hakuna aliyeipa jina, ila mtu mmoja. Nikasema yajua mipaka yake, na kwamba kuna kazi nyingi duniani zinazofanywa na wanaojua mipaka yao. Sikuisema kama karani.

Kisha nikanyamaza, nikangoja.

Vijana walidhani natafuta maneno. Mmoja akaniletea maji. Nilikuwa na hoja za Jitu zote, zimepangika, hoja za maisha yangu. Na nilijua kwamba nikizisema, mikono itainuka. Hapakuwa na mtu wa kunizuia. Lakini pia hapakuwa na mtu wa kunipa ruhusa. Nikafikiri labda nimesahau kitu, kwa hivyo nikarudi nyuma, nikaongeza lile la kugeuzwa, na la mtu mmoja kuweza kuitunza peke yake, na la tangi la ubavuni. Nikangoja tena.

Zuhura akainama karibu nami. "Babu, na Jitu?"

"Zamu yangu haijafika," nikamwambia.

"Itafika lini, Babu?"

Nikaketi. Nyuma kijana mmoja akasema, si kwa ubaya, "Mzee kasahau upande wake," wengine wakacheka kidogo, kisha wakapiga kura. Nyinyi mwajua ilivyokwenda.

Siku ya kuikata Jitu nilikwenda. Vijana wa kikundi walikuwa upande wa pili wa uwanja wakiisugua Yaya kutu, wakiimba. Upande wetu walikuwa wakataji watatu na mitungi yao ya gesi. Mkubwa wao, Kahindi, aliniletea debe nikae. Wakaanza na tangi la mbele. Nilimwonyesha wapi pana mafuta ya zamani yaliyoganda, asije akashika moto, naye akashukuru. Walipopumzika akaja kuketi chini karibu nami, miwani ameipandisha kipajini.

"Mzee, naambiwa wewe ndiwe uliyekuwa wa hii."

"Ndiyo."

"Mbona hukuisemea?"

"Ningeisemea, ningeshinda."

"Si ndivyo vizuri?"

"Kumshinda nani?"

Kisha akashusha miwani yake, akarudi kazini. Nilikaa mpaka walipofika kwenye chumba cha moto, nikaona mwanga wa jua umeingia ndani yake kwa mara ya kwanza tangu kilipotengenezwa, na wakati wa swala ukawa umefika, nikaondoka.